Kurasa zinazoruka miaka: vitabu vya picha, familia, na mninga tuliodhani umekufa

Msomaji, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilikuwa likizo nyumbani Mikumi. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka sita, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha "mti wake". Yeye na bibi yake, yaani mama yangu, walikuwa wamefukia mbegu za mninga mvua zilipoanza. Wazo lilitoka kwenye kitabu cha picha alichokuwa anakipenda: babu anachimba shimo, mama anamwaga maji, watoto wanashika mche, halafu ukifungua ukurasa unaofuata wote wamekaa chini ya kivuli wanakula maembe.

Mti wa mpwa wangu haukuwa na kivuli. Ulikuwa kijiti kikavu, urefu wa kiganja, hata jani moja hauna.

"Mjomba, mbona umekufa? Mimi niliutunza."

Nikainama, nikakivunja kijiti kwa vidole, kikakatika kama njiti ya kiberiti. Nikajibu kisomi kabisa: "Pole mama. Huu umeshakauka. Ung'oe tu, tutapanda mwingine." Akaushika kwa mikono miwili akavuta. Haukutoka. Nikachukua jembe nikamsaidia, na tulipofukua tukakuta mzizi mnene kuliko kile kijiti, umeshuka chini moja kwa moja, mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Ulipokatika, ndani ulikuwa mbichi na una unyevu.

Mti ulikuwa hai. Tuliuua sisi, siku ile, na aliyetoa amri ni mimi ninayesomea mimea.

Nimelibeba jambo hili muda mrefu, na ndiyo sababu ya makala hii. Nataka tuangalie pamoja vitabu vya picha vinavyohusu familia na upandaji miti: vinamfundisha mtoto nini, vinaruka nini, na sayansi inasemaje kuhusu hicho kinachorukwa. Nitatumia miti ya huku kwetu Kilosa na Mikumi, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu, na kwa sababu ina tabia ambazo mchoraji wa vitabu angezipenda kama angezijua.

Kwanza, kwa nini vitabu hivi vinafanana?

Ukikusanya vitabu kumi vya aina hii utaona mfuatano uleule: mbegu, shimo, maji, mti mkubwa, familia yenye furaha. Sababu moja ni ya kiwandani. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 24 au 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kuchapia hukunjwa na kukatwa kwa mafungu. Ndani ya kurasa hizo unatakiwa uweke wahusika, tatizo na mwisho mwema. Miaka ishirini ya mti inabidi ipite wakati mtoto anafungua ukurasa mmoja.

Mfano mashuhuri kutoka Afrika Mashariki ni maisha ya Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 kule Nyeri, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Maisha yake yamechorewa vitabu kadhaa vya watoto. Jeanette Winter alitoa Wangari's Trees of Peace na Claire Nivola alitoa Planting the Trees of Kenya, vyote mwaka 2008. Mwaka 2010 kikaja Mama Miti cha Donna Jo Napoli, chenye michoro ya Kadir Nelson. Vyote vitatu vilichapishwa Marekani.

Sasa kuna jambo katika historia hiyo ambalo watu wazima wengi hatulikumbuki. Wale kina mama wa Kenya waliootesha miche hawakulipwa kwa idadi ya mashimo waliyochimba. Walipewa fedha kidogo kwa kila mche ulioishi. Maathai alikuwa mwanasayansi, tena wa viumbe hai, na alielewa kwamba kupanda ni tukio la siku moja ila kuishi kwa mti ni suala jingine kabisa. Miti saba ya mwanzo iliyopandwa Nairobi mwaka 1977, mingi yake haikuishi. Kazi halisi ilianza baada ya hapo.

Hapa nyumbani, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa lengo la kuwawezesha waandishi, wachoraji na wachapishaji wa ndani kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili na kuvifikisha shuleni. Siku hizi pia kuna African Storybook, yenye hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Unazisoma bure mtandaoni, na unaruhusiwa kuzitafsiri na kuzibadilisha. Shika hilo la kuzibadilisha, tutalirudia mwishoni.

Kinachotokea chini ya ardhi

Turudi kwa mninga wangu, au tuseme marehemu mninga wangu.

Mninga, jina la kisayansi Pterocarpus angolensis, unaujua hata kama hujawahi kuuona porini. Ndiyo mbao ya vitanda, makabati na milango ya watu wenye nazo. Tunda lake ni la duara, katikati lina miba, pembeni lina bawa la karatasi, yaani ukiliangalia haraka unaona yai la kukaanga. Ukikata gamba la mti wenyewe unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mtoto gani asingependa mti kama huo kwenye kitabu?

Lakini malezi yake ni ya ajabu. Mbegu ikiota wakati wa mvua, mche mdogo hutoa majani machache tu juu. Nguvu nyingi unaipeleka chini, kwenye mzizi mkuu. Kiangazi kikifika, sehemu ya juu hukauka na kufa. Mvua zikirudi, chipukizi jipya linatoka palepale kwenye mzizi. Mwaka wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo. Hali hii inaweza kuendelea miaka mingi, hata kumi na zaidi, mpaka mzizi uwe umejaza akiba ya kutosha. Hapo ndipo chipukizi moja linapanda juu kwa kasi na halifi tena.

Kwa nini mti ujitese namna hiyo? Fikiria mazingira ya huku. Mvua zinaanza mwezi wa kumi na moja hivi na kumalizika mwezi wa tano. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi ardhi ya juu inakauka kabisa, na moto unapita porini karibu kila mwaka. Mche wenye shina jembamba na majani mengi ungepoteza maji yote, au ungeungua. Mche uliojificha ardhini unapoteza kijiti tu. Ni kama mtu anayeweka fedha benki na kuvaa nguo kuukuu: ukimtazama unamuonea huruma, kumbe mwenzio ana akiba.

Mninga hauko peke yake. Miti mingi ya miombo, yaani ile misitu ya nyika inayofunika sehemu kubwa ya Kilosa, huanza maisha kwa kuwekeza mizizini.

Na kuna mti mwingine ambao hatuwezi kuuacha, kwa kuwa ndio uliotupa jina. Mikumi ni mikumi kweli: ile miti mirefu ya jamii moja na mnazi, yenye majani kama feni na shina linalovimba sehemu ya juu kama tumbo. Sehemu nyingine inaitwa mivumo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilipoanzishwa mwaka 1964, ilichukua jina hilo.

Mkumi una mambo mawili ambayo yangefaa kitabu kizima. La kwanza, kuna mkumi dume na mkumi jike. Dume hutoa maua ya chavua tu. Jike ndiye anayezaa. Ukimuona mkumi mmoja umesimama peke yake miaka nenda rudi bila tunda, usiseme ni tasa, huenda ni baba. La pili ni namna mbegu inavyoota. Tunda likianguka, au likibebwa tumboni mwa tembo na kuachwa mbali kwenye kinyesi, mbegu haitoi jani kwanza. Inatoa mkono kama bomba unaochimba ardhi kwenda chini, na mkono huo unashusha kiini cha mmea mpaka kina kirefu, penye unyevu na mbali na moto. Jani la kwanza linaanzia safari huko chini. Baada ya hapo itapita miaka kadhaa ya majani tu, kabla hujaona shina.

Kwa hiyo mti uliotupa jina letu hujipanda wenyewe kwa kina kuliko shimo la babu kwenye kitabu. Ukitaka kuuhamisha mche wake ukiwa na majani mawili, umechelewa: moyo wake uko chini ya jembe lako.

Je, miti ina familia?

Hapa ndipo vitabu vya familia na miti vinapopenda kukaa. Mti mkubwa ni mama, miche ni watoto, na mama anawafunika kwa matawi. Ni picha nzuri. Ina ukweli kiasi gani?

Kuna sehemu ambayo ni kinyume. Mwaka 1970 Daniel Janzen, na mwaka 1971 Joseph Connell, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba mbegu inayoangukia chini ya mzazi wake mara nyingi ina nafasi ndogo ya kuishi. Wadudu, ukungu na panya wanaomfahamu mama wamejaa palepale. Kuna kivuli pia, na mizizi ya mama inanyonya maji yaleyale. Ndiyo maana miti ina mbinu nyingi za kuwapeleka watoto mbali. Mninga unatumia upepo na lile bawa. Mkumi na mng'ongo vinamtegemea tembo. Miti ya myombo inatumia mlipuko: maganda yake yakikauka yanajikunja mpaka yanapasuka na kurusha mbegu. Ukipita porini mwezi wa tisa, jua la saa saba, unasikia ta! ta! kama mtu anavunja vijiti.

Kwa hiyo mama bora katika msitu mara nyingi ni yule anayemrusha mtoto wake mbali. Msitu wetu unafanana zaidi na familia yenye watoto waliotawanyika Dar, Ifakara na Dodoma kuliko familia iliyobanana chumba kimoja.

Kuna sehemu nyingine inayohitaji uangalifu. Huenda umesikia kwamba miti inalishana na kuongea kupitia ukungu wa ardhini. Chanzo kikubwa ni utafiti wa Suzanne Simard na wenzake wa mwaka 1997 huko Kanada, ulioonyesha kaboni ikihama kati ya miche ya miti ya aina mbili tofauti. Ukungu wenyewe upo, hata kwetu. Miyombo inashirikiana na ukungu unaozunguka ncha za mizizi yake: ukungu unaleta maji na madini, mti unalipa kwa sukari. Ule uyoga wa porini unaouzwa mvua zikikolea, sehemu kubwa ni tunda la ushirika huo. Ila hatua ya kusema "mti mama anawatambua na kuwanyonyesha watoto wake" ni kubwa kuliko ushahidi. Mwaka 2023 Justine Karst na wenzake wawili walipitia tafiti zilizofanywa misituni na kukuta madai mengi yanayosambaa yamewazidi wanasayansi wenyewe mbio.

Basi mtoto akikuuliza, unaweza kumjibu hivi bila kudanganya: miti na ukungu wanabadilishana chakula, hilo tunalijua. Kama mama mti anampenda mtoto wake, hilo ni la hadithi, na hadithi nayo ina nafasi yake.

"Mti akasema" au "mti ukasema"?

Nimeandika neno hadithi, na hapa Kiswahili chenyewe kinatuwekea mtego mzuri.

Shuleni tulifundishwa kwamba ngeli ya A-WA ni ya viumbe wenye uhai, isipokuwa mimea. Kifaranga *anakua*, nzi *anaruka*, hata kirusi siku hizi wengine wanamwita *yeye*. Lakini mti *unakua*, pamoja na mkate, mfuko na mlango. Mwandishi wa hadithi anapotaka mti uongee, ghafla anabadilisha: mti *akalia*, mti *akamwambia* bibi. Ili mti uwe hai kwenye sentensi, umelazimika kuwa mtu.

Jambo hili si la sarufi tu. Mwaka 1993 Giyoo Hatano na wenzake walilinganisha watoto wa Japani, Marekani na Israeli kuhusu vitu gani ni hai. Watoto wa Israeli walikuwa wepesi zaidi kusema mimea si hai, na watafiti waliona lugha na utamaduni vinachangia. Kwa hiyo unaposoma na mtoto, usidhani kwamba "mti una uhai" ni jambo analolijua tayari. Muulize: jiwe ni hai? Kuku je? Mwembe je? Majibu yatakushangaza.

Sasa, dawa ni kuufanya mti uwe na macho na mdomo? Hapa kuna utafiti mwingine wa kuzingatia. Mwaka 2014 Patricia Ganea na wenzake waliwasomea watoto wadogo vitabu vya picha kuhusu wanyama ambao watoto hao hawakuwafahamu. Vitabu vingine vilieleza wanyama kama walivyo, vingine viliwapa wanyama tabia za watu. Waliosomewa vile vya tabia za watu walikuwa wepesi kuamini kwamba wanyama halisi wana hisia na mawazo kama sisi, na michoro ya namna hiyo iliwapunguzia kujifunza mambo ya kweli. Utafiti ulihusu wanyama, si miti, lakini onyo lake linatuhusu. Mti unaotabasamu ukiwa na majani na kulia ukiwa hauna, unamfundisha mtoto kwamba kukosa majani ni kufa. Mpwa wangu alijifunza hivyo. Na mimi pia, kwa umri wangu huu.

Kwani hili lina uzito gani Kilosa?

Lina uzito. Mto Mkondoa ukifurika, mji wa Kilosa unajua. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kuiharibu reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yale yanatoka milimani, Ukaguru na Rubeho, na yanabeba udongo. Mti mmoja hauzuii mafuriko makubwa, tusidanganyane. Ila mizizi na majani yaliyoanguka hushika udongo usikimbilie mtoni, na mto usiojaa matope una nafasi zaidi ya kubeba maji.

Ndiyo maana kila mwaka kuna kampeni za kupanda miti, na ni jambo jema. Lakini kama umewahi kushiriki, unajua picha inapigwa siku ya kupanda. Mwezi wa tisa hakuna anayerudi na kamera. Miche ya kwenye viriba iliyopandwa kwa kuchelewa, mvua zikiwa zinaishia, haina mzizi wa kuifikisha mvua nyingine. Mbuzi naye hajui kampeni. Na kuna kupanda mti mahali pasipoufaa, kama mkaratusi kwenye chanzo cha maji. Yaani tumekisoma kitabu cha picha tukakitekeleza hivyohivyo, pamoja na ule ukurasa ulioruka.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vingi havina kabisa: mara nyingi msitu wa miombo hauhitaji kupandwa. Unahitaji kuachwa. Ukikata mti wa myombo, kisiki chake hakijafa. Mizizi bado ina akiba, na mvua zikija kinatoa machipukizi mengi. Kilosa ni mahali ambapo jambo hili limefanyiwa kazi. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, kwa ufadhili wa Uswisi, walishirikiana na vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe kuvuna mkaa kwa mpango. Eneo la kuvuna katika msitu wa kijiji limegawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti: kinavunwa kimoja, jirani yake kinaachwa. Visiki havichimbuliwi. Kitalu kilichovunwa kinapumzishwa, na mzunguko mzima ni miaka 24. Ada ya mkaa inaingia kijijini na kusaidia huduma, yakiwemo madarasa.

Miaka 24, msomaji. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeona kitalu kikivunwa atakuwa na mtoto wake kabla hakijarudiwa. Hapo ndipo familia na mti vinapokutana kweli.

Kinachoua msitu zaidi ni kulima mahali pa msitu, visiki vikang'olewa na moto ukapita tena na tena mpaka akiba ya mizizi ikaisha. Dodoma, majirani zetu, wana kampeni inayoitwa Kisiki Hai, ambapo mkulima anachagua machipukizi machache kwenye kisiki shambani, anapogoa mengine, anayawekea alama na kuyalinda. Jina hilo peke yake ni kitabu cha watoto. Fikiria jalada: kisiki, pembeni babu na mjukuu wamechuchumaa wanahesabu machipukizi. Hakuna shimo wala kiriba.

Sasa nisome vipi na mwanangu?

Usitupe vitabu ulivyonavyo. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kwamba wazazi waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi wakati wa kusoma kitabu cha picha, badala ya kusoma tu mtoto akiwa kimya, waliwasaidia watoto wao kukua haraka zaidi katika kuongea. Muda ulikuwa mwezi mmoja tu. Kitabu kilekile, swali tofauti. Kwa hiyo jaribu haya:

Ukifika kwenye ukurasa unaoruka miaka, simama. Uliza: "Hapa katikati nini kilitokea? Nani alimwagilia babu alipokuwa anaumwa? Mbuzi alikuja?" Mwache mtoto aijaze ile miaka.

Uliza kuhusu chini. Mpe karatasi achore mstari wa ardhi katikati, halafu achore mti juu na mizizi chini. Watoto wengi watachora mizizi mifupi. Mweleze habari ya mninga.

Uliza kuhusu rangi. Vitabu vingi vina kijani tu. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla hata ya mvua, miyombo hutoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, msitu mzima unawaka. Majani machanga yana rangi inayodhaniwa kuyakinga na jua kali na wadudu. Mtoto wa Mikumi akichora mti mwekundu, usimsahihishe.

Na ukiwa na mti uliokauka, usivunje kijiti ukatoa hukumu kama nilivyofanya mimi. Kwaruza gamba kidogo karibu na ardhi kwa ukucha. Ukiona kijani au unyevu, subiri. Kama ni mti wa porini, subiri hata usipoona kitu, mpaka mvua zikolee. Mzungushie mawe ili asiyejua asimfyeke.

Umeona? Nimeandika *mzungushie*, *asimfyeke*. Hata mimi ngeli imenitoka.

Kuhusu hadithi zinazoruhusu kubadilishwa, ombi langu kwa walimu na wazazi ni dogo: ongezeni ukurasa mmoja. Ukurasa wa kiangazi. Familia imesimama mbele ya kijiti kikavu, mtoto analia, na chini ya mstari wa ardhi mchoraji ameonyesha mzizi mnene ambao hakuna kati yao anayeuona isipokuwa msomaji.

Mvua zilizofuata, mpwa wangu na bibi yake walipanda mninga mwingine. Mwaka jana mwezi wa saba ukakauka juu, kama kawaida yake. Safari hii mama yangu aliuzungushia matofali matatu, na jirani alipokuja na fyekeo kusafisha uwanja, mtoto alimkimbilia akiwa amenyoosha mikono.

"Babu, huo usifyeke. Umelala."

Nilimsahihisha kwamba miti hailali kama watu. Halafu nikanyamaza, maana kwa siku ile neno lake lilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko langu la mwaka wa kwanza.